Mkono wa Nje

Mtu aliyeongoza timu ya mbio za pikipiki kwa miaka yote niliyomfahamu ndiye aliyekuwa mwendeshaji mwoga kuliko wote katika Beu, upande wetu wa mji wa Beni. Alipanda pikipiki yake ya kutembelea kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Kina mama waliotoka sokoni na vikapu vya sombe, yaani kisamvu, mgongoni walimpita kwa miguu kwenye mlima, wakamsalimu, wakaendelea na safari yao. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilidhani anaficha uwezo wake. Baadaye, nilipoanza kutilia shaka kila kitu, nilimwuliza waziwazi.

“Muzee, unaogopaka?”

“Naogopaka sana,” akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo aliokuwa akiupaka mafuta. “Mutu mwenye haogopake hawezi kuongoza bengine. Atabauwa bote.”

Tulimwita Kapita. Kwetu kapita ni msimamizi wa vibarua, yule anayesimama kando huku wengine wakichimba. Jina lilimfaa na yeye hakulikataa. Gereji yake ilipakana na uzio wetu huko Beni, katika mtaa ambao kila mtu alisikia redio ya mwenzake. Baba yangu alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Kapita alikuwa Mwislamu, mwenye lori zamani, na kofia yake nyeupe ilikuwa na alama ya kidole cha grisi upande wa kulia ambayo haikutoka kamwe, maana alikuwa na tabia ya kuisukuma nyuma kila alipofikiri. Baba na yeye walitaniana juu ya uzio.

“Pasta, leo umebaombea balevi?”

“Nimekuombea weye, Kapita, ili batoto yako bafike bazima.”

“Asante. Lakini uombe na macho wazi. Balabala haifungake macho.”

Timu ya Beu haikuwa kubwa. Ilikuwa na pikipiki mbili za Kihindi zilizopunguzwa kila kitu kisichosaidia mwendo, wapanda pikipiki wawili, Paluku na Kasereka, na namba moja tu, yaani tisa, iliyopakwa rangi nyeupe kwenye matangi yote mawili. Timu nyingi zilizoshindana nayo zilikuwa za Butembo, mji jirani, zikiwa na wafanyabiashara nyuma yao. Nyuma ya Beu alikuwepo Kapita tu, na ukuta.

Lazima nieleze ukuta. Kila baada ya mashindano Kapita alikwangua tope kwenye magurudumu kabla pikipiki haijaoshwa, akalichanganya na maji kidogo, akalibandika kwa kiganja kwenye ukuta wa ndani wa gereji. Hiyo ndiyo ilikuwa historia ya timu. Kulikuwa na tope jekundu la Musienene, tope la kijivu la mabondeni, tope jeusi la Kipese. Mashindano waliyoshinda aliyaweka juu, waliyoshindwa chini, na katikati aliacha nafasi ambayo hakunieleza ni ya nini. Hakuandika chochote. Nilipoanza masomo ya historia katika chuo kikuu kimoja cha Butembo nilifundishwa kuuliza juu ya kila ushahidi: nani anasema, amejuaje, anapata faida gani. Likizo ya kwanza nikauleta ukuta ule mahakamani.

“Nitajuaje kama hili jeusi linatoka Kipese?”

“Ramba.”

Nikaramba. Lilikuwa na ladha ya tope. Kasereka alicheka mpaka akakaa chini.

“Mimi nimekusadiki, Université,” Kapita alisema. Ndilo jina alilonipa, Chuo Kikuu kwa Kifaransa, na alilitamka kwa heshima kiasi kwamba sikujua kama ananicheka. “Wakati unasema kama kule Butembo banakufundisha, nilisema nirambe kwanza?”

Nikiri kwamba hoja zake nyingi zilikuwa za namna hiyo. Ukimbana kwenye kona, alikuwa na jibu moja alilolitumia kwa miaka yote, kwangu, kwa baba, kwa kamati ya mashindano, hata kwa askari wa vizuizini. Alisukuma kofia nyuma na kuuliza kwa upole: “Ulikuwaka pale?”

Nilichukia swali hilo. Linafunga kila mjadala na halithibitishi chochote. Kwa mfano, kulikuwa na habari ya mbio kubwa ya Beni hadi Butembo, wakati barabara hiyo ilikuwa bado barabara na si jambo ambalo watu wanaliandalia wosia. Kapita alisema Paluku alishinda. Alisema lori lilikwama na kuziba njia, wengine wakasimama, Paluku akapita ukingoni juu ya ubao. Nilimsikia akisimulia mara nyingi. Mara lori lilikuwa la maharage, mara la sukari. Siku moja lilikuwa na mbuzi. Nilimkumbusha mbele ya watu.

“Muzee, juma lililopita ilikuwa sukari.”

“Ulikuwaka pale?”

“Hapana.”

“Ndio vile.”

Nikaenda kumwuliza Paluku mwenyewe. Paluku alikuwa kijana mrefu, mtaratibu wa kusema, aliyekula ndizi mbivu kabla ya kila mashindano akidai zinampa uzito. Alifikiri muda mrefu.

“Mimi siyaona lori,” akasema. “Kulikuwa mavumbi. Mbele siyaona mutu, nyuma siyaona mutu. Nikafika. Kapita akaniambia tumeshinda.”

“Na ukamwamini?”

Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kama anamwamini mama yake. Nikatoka na hitimisho kwamba timu ya Beu ni dini ndogo, na Kapita ni mchungaji mwenye mahubiri mabovu kuliko ya baba.

Lakini kuna Kipese, na Kipese sijawahi kuiweza. Kule juu, katika nchi ya viazi na baridi, kulikuwa na mbio za kupanda mlima. Mvua ilinyesha. Kasereka akazama kwenye tope upande wa mashamba ambako hakukuwa na mtu wa kamati. Wakulima waliokuwa wakivuna wakaacha kazi, wakamkokota kwa mikono wakiimba, na Kasereka akatoka hapo akawapita wote. Akafika wa kwanza. Watu wakambeba. Sherehe ilikuwa imeanza Kapita alipomwuliza mbona tope limefika mpaka kwenye kiti, na Kasereka, ambaye hakuona ubaya, akamsifia ukarimu wa watu wa Kipese.

Sheria ya mbio zetu ilisema mkono wa nje ukigusa mashine njiani, timu imetoka. Mkono wa nje ni mkono wa mtu yeyote asiyekuwa wa timu. Kila mtu aliijua sheria hiyo, na kila mtu aliivunja mahali ambapo hakuonekana. Kapita alivuka uwanja, akaenda kwenye meza ya kamati, akawaambia. Hakuna aliyemshtaki. Hakuna aliyejua. Wale wakulima walikuwa wamesharudi kwenye viazi vyao. Mwenyekiti wa kamati alimwomba anyamaze, kwa kuwa zawadi zilikuwa zimeshatolewa na yeye mwenyewe alitaka kuwahi kabla ya mvua nyingine. Kapita akang'ang'ania mpaka wakaiondoa Beu.

Kasereka hakusema naye kwa muda mrefu baada ya hapo. Nami sikuelewa. Mtu anayebadilisha mzigo wa lori kila juma anapata wapi ugumu wa namna hiyo? Nilimwuliza.

“Lori ni hadithi,” akasema. “Mukono ni mukono.”

“Lakini hakuna aliyeona.”

“Kasereka alikuwa pale.”

Tope la siku hiyo akalibandika katikati, kwenye ile nafasi tupu. Lilikaa hapo peke yake.

Tabia nyingine iliyowashangaza watu ni jinsi alivyozika. Kwetu mwendesha pikipiki akifa wenzake humsindikiza kwa kelele. Wanapiga honi, wanavuta mafuta injini zikilia, wanapanda watatu watatu wakipeperusha matawi, na mji mzima unajua. Kapita aliikataza timu yake. Wa Beu walimsindikiza mtu wao wakisukuma pikipiki kwa mikono, injini zimezimwa, hata kama makaburi yako upande wa pili wa mji. Alisema injini ni kwa ajili ya watu wanaokwenda mahali na kurudi.

Nilimwona akifanya hivyo kwa Paluku.

Paluku hakufa kwenye mashindano. Alikuwa akimpeleka abiria Butembo asubuhi, kama alivyofanya siku zote kutafuta chakula, na kwenye barabara ileile aliyosemekana kuishinda wakatokea watu wenye silaha kutoka msituni. Sina la kuongeza. Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu kwa nini watu wetu wanauawa, na kila moja lina maelezo ya chini ya ukurasa, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kumsomea mama yake. Pikipiki haikurudi. Kapita aliisukuma ile iliyobaki kutoka gereji hadi makaburini, Kasereka akiwa upande wa pili wa usukani, na mtaa wote nyuma yao ulikuwa kimya hivi kwamba mnyororo ulisikika. Baba alisali macho wazi.

Baada ya mazishi Kasereka alivuka mpaka wa nchi. Kabla ya kuondoka alimwambia Kapita ukweli, nami nilikuwepo uani kwetu nikasikia.

“Muzee, mimi nina batoto. Siwezi kungojea siku yangu kwa ile balabala.”

“Enda.”

“Na timu?”

“Timu iko hapa.”

“Timu ni nani, Muzee? Weye na ukuta?”

Halafu hata ukuta ukaondoka. Watu wa msituni waliposhambulia pembezoni mwa mtaa tulikimbia wote, sisi tukahamia kwa ndugu Butembo moja kwa moja, na tuliporudi kuchukua vitu tukakuta gereji imeungua paa. Mabati yalianguka ndani. Mvua zikanyesha juu ya ukuta ule usiokuwa na kifuniko, na Musienene ikatiririkia kwenye mabonde, na walioshinda wakatiririkia kwa walioshindwa. Nilipofika lilikuwa doa moja la kahawia kutoka juu hadi chini. Kapita alikuwa amekaa juu ya gurudumu akilitazama. Nikasema jambo la kijinga, kwamba ningeweza kumwandikia yote ninayokumbuka.

“Uandike nini? Hukukuwaka pale,” akasema. Mara hiyo hakusukuma kofia.

Kilichobaki kilikuwa namba. Kanuni ya kamati ilikuwa kwamba timu isiyovuka mstari wa kuanzia kwa mashindano matatu mfululizo inapoteza namba yake, na namba ikipotea timu haipo tena. Mashindano ya kwanza baada ya kifo cha Paluku, Beu haikwenda. Ya pili Kapita alitangaziwa kwa simu kwamba yameahirishwa kwa sababu ya hali ya barabara. Hayakuwa yameahirishwa. Timu za Butembo zilikimbia zenyewe, na Beu ikahesabiwa kuwa imekosa. Kapita alipolalamika, wakamwambia ujumbe ulitumwa kimakosa. Na tayari kulikuwa na timu mpya ya Butembo iliyoitaka namba tisa, kwa kuwa ilikuwa inafahamika.

Nilimwuliza nani ataendesha mara ya tatu.

“Mimi.”

“Muzee, wewe unapitwa na kina mama wa sombe.”

“Sheria inasema kuvuka musitari. Haisemi mbio.”

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ambayo ndiyo mara ya mwisho nilipokaa na Kapita.

Mbio zilipangwa kuanzia Butembo, kwenye mtoko wa kusini, kwenda Musienene na kurudi. Kapita aliipakia pikipiki kwenye lori la maharage lililokuja kwa msafara wa kusindikizwa na jeshi, naye akaketi juu ya magunia akiishika usukani njia nzima. Akafikia kwa jamaa wa msikitini upande wa kaskazini wa mji. Jioni ya kuamkia mashindano zikaja habari za mauaji mengine karibu na Beni. Watu wa mji wakaitisha ville morte, yaani siku ya mji kufa: maduka yamefungwa, hakuna gari, hakuna pikipiki, mji unaomboleza kwa kusimama. Kamati ikatuma ujumbe kwamba mashindano yameahirishwa hadi tarehe itakayotajwa.

Asubuhi nilitoka kwa miguu kwa sababu sijui kukaa ndani. Barabara ilikuwa tupu mpaka ikaonekana pana. Kwenye kizuizi cha magogo, vijana walikuwa wamekaa juu ya matairi, na mbele yao alisimama Kapita akiwa na pikipiki, kofia kichwani, jasho likitiririka shingoni. Alikuwa ameisukuma kutoka kaskazini, akauvuka mji wote.

“Muzee, leo hakuna kuendesha,” kijana mmoja alimwambia.

“Unasikia injini?”

“Hapana.”

“Donc siendeshe.”

Kijana akatazama namba kwenye tangi, akatazama kofia, kisha akaondoa mguu wake kwenye gogo. Nadhani alikuwa amesikia jinsi watu wa Beu wanavyozika.

“Nani alikufa, Muzee?”

“Bado,” Kapita akasema.

Wakainua gogo. Nikatembea kando yake na kuanza maneno yangu. Nilimwambia mashindano yameahirishwa. Nilimwambia wametuma ujumbe kwa kila timu, nimeusoma kwenye simu ya jirani, hakuna mtu atakayekuwepo kule, hakuna anayehesabu, arudi akapumzike. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

“Mara ya nyuma banatuma message vilevile.”

“Mara hii ni kweli. Kuna ville morte, Muzee, huwezi kuikana.”

“Siikane. Ni kwetu ndiko banakufa.” Akasimama, akafuta uso kwa mkono wa shati. “Kesho batasema: Beu hawakuvuka. Batu batasema ni kweli, hatukubaona. Weye Université, utabajibu nini?”

Nilijua kamati. Nilijua timu ile nyingine inayoingojea tisa. Nilijua pia kwamba hata akivuka, kamati isiyokuwepo haiwezi kumwandika, na nilimwambia hivyo, kwa sauti niliyoitumia chuoni nikimbana mtoa mada. Akaendelea kusukuma.

Mstari ulikuwa umechorwa kwa chokaa siku iliyotangulia, kabla ya habari kufika, chini ya mteremko ambapo lami inaisha. Mvua ilikuwa imekula nusu yake. Hapakuwa na meza wala bendera. Mbuzi mmoja alikuwa amelala ukingoni. Kapita aliipanga pikipiki hatua chache nyuma ya mstari, akahakikisha usukani umenyooka, kama alivyowapangia Paluku na Kasereka miaka yote.

“Angalia mbele,” akaniambia. “Unaona mutu?”

“Hapana.”

“Na nyuma?”

“Hapana, Muzee.”

Akasukuma. Hatua ya kwanza, ya pili, kisha gurudumu la nyuma likaingia kwenye mfereji ambao maji ya mvua yalikuwa yameuchimba kabla ya kufika kwenye chokaa. Likazama mpaka kwenye mnyororo. Akasukuma kwa bega. Viatu vyake vikateleza, akaanguka kwa goti, akainuka, akasukuma tena, na mashine ikapanda kidogo na kurudi palepale. Nilisikia sauti ikimtoka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, kama ya mtu anayebishana usingizini. Mstari ulikuwa mbele ya tairi la mbele, karibu kiasi kwamba ningeufikia kwa mguu.

Nikaenda nyuma kushika kiti.

“Hapana gusa.”

“Muzee, hutaweza peke yako.”

“Hapana gusa, nasema. Weye ni mukono wa inje.”

Nilitazama barabara kuelekea mjini, halafu kuelekea Musienene. Maduka yamefungwa, madirisha yamefungwa, mbuzi amelala. Watu wetu walikuwa wanazikwa upande wa Beni, na huku mzee alikuwa anakaribia kupasuka moyo kwa ajili ya chokaa. Kila nilichojifunza kuhusu ushahidi kiliniambia nisukume.

“Nani ataona?” nikamwuliza.

Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye tangi, juu ya ile tisa. Hakuinua kichwa.

“Weye,” akasema.

Nikarudi nyuma, nikaweka mikono yangu mgongoni, nikatazama.